Sura ya Tatu: Amesoma, Mbona Yuko Mtaani?

"Mtoto wa fulani ana digrii, lakini anaendesha bodaboda. Sasa shule ina faida gani?"

Kaa kijiweni, panda daladala au hudhuria kikao cha wazazi, utalisikia swali hili. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada huliuliza kwa hasira. Mfanyabiashara aliyeishia darasa la saba, ambaye leo anaajiri wahitimu wa chuo, huliuliza kwa kejeli. Kijana mwenyewe, anayezunguka na bahasha ya vyeti kutoka ofisi hii hadi ile, huliuliza kwa uchungu.

Swali ni la haki. Kuwajibu watu hawa watatu kwamba "elimu ni ufunguo wa maisha" ni kuwaongezea hasira, kwa kuwa mwenye bahasha amekwisha kuushika huo ufunguo. Anachotafuta ni mlango.

Sura hii inalijibu swali hilo kwa kupitia historia ya nchi moja, Tanzania. Sababu ya kuichagua ni kwamba nchi hii ilifanya jambo ambalo nchi chache maskini zimewahi kulithubutu: kati ya 1967 na 1986 iliwafundisha kusoma watu wengi sana, watoto na wazee, na katika miaka hiyohiyo uchumi wake ukaanguka. Anayetaka kujua elimu inaweza nini peke yake, na haiwezi nini, aanzie hapo.

Jibu, kwa kifupi, ni hili. Elimu hulipa mahali patatu, na hailipi kote kwa siku moja. Hulipa kwanza nyumbani, katika afya na maamuzi ya familia. Hulipa baadaye kwa jirani, katika namna watu wanavyoishi na kuendesha mambo yao pamoja. Mwisho hulipa mfukoni, na huko mfukoni hulipa kwa masharti. Sisi tumezoea kuanza kuhesabu mwisho.

Swali hili limetoka wapi

Ili kuelewa kwa nini tunapima shule kwa ajira, turudi Desemba 1961. Mwalimu Nyerere, kiongozi wa kwanza wa nchi, alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara, ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 tu, na kwamba idadi kubwa ya watu wazima hawakujua kusoma. Ofisi za serikali zilikuwa zikiachwa na Waingereza, na viti vilihitaji watu wa kuvikalia.

Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1963 hakuzunguka na bahasha. Alitafutwa. Angeweza kuwa karani wa mahakama, bwana shamba, bwana afya, mwalimu au ofisa wa benki, na mshahara wake ungelisha ukoo mzima. Wazazi waliona kwa macho yao: fulani alikwenda shule, karudi na baiskeli, redio na nyumba ya bati.

Walichoona kilikuwa kweli, ila sababu yake ilikuwa uhaba. Cheti kilikuwa na thamani kubwa kwa kuwa waliokuwa nacho walikuwa wachache na nafasi zilikuwa nyingi. Vyeti vikiongezeka na nafasi zisiongezeke kwa kasi hiyo, thamani ya kila cheti hushuka hata kama kilichofundishwa ni kilekile.

Nyerere aliliona hilo mapema. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba watoto wengi hawataendelea na sekondari, kwa hiyo shule ya msingi isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Iwe elimu kamili ya kumwezesha mtu kuishi kijijini kwake. Pia aliilaumu shule ya kikoloni kwa kumfundisha mtoto kudharau jembe la baba yake. Waraka ulisomwa sana na kusifiwa sana. Hata hivyo wazazi wengi waliendelea kumpeleka mtoto shule ili aepukane na jembe, na kipimo cha 1963 tunacho mpaka leo.

Nchi ilipoingia darasani

Katika hotuba ya kuukaribisha mwaka 1970, Nyerere alitoa hoja ambayo hata sasa inafaa kufikiriwa. Watoto wanaoanza shule leo, alisema, hawataugusa uchumi mpaka ipite miaka mitano, kumi au hata ishirini. Wanaoamua sasa kuhusu shamba, maji na afya ni watu wazima. Basi wafundishwe wao kwanza. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Mwaka 1971 wilaya 6, zikiwemo Mafia na Ukerewe, zilitangulia na lengo la kumaliza ujinga wa kutojua kusoma. Kutoka hapo kampeni ilienea nchi nzima. Madarasa yaliwekwa chini ya miembe, kwenye maghala ya ushirika, misikitini na makanisani. Walimu walikuwa walimu wa shule za msingi, wahitimu wa darasa la saba na watu wa kujitolea. Kufikia 1975 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 5.

Huko Mwanza, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umebuni vitabu vya *kisomo chenye manufaa*. Maana yake ni kwamba mtu anajifunza kusoma kwa kutumia kazi anayoifanya kila siku. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya kupanda, kupalilia na kupima pamba. Mvuvi alijifunza kwa nyavu na samaki. Mfugaji kwa ng'ombe. Alipomaliza kitabu alikuwa amejua kusoma, na njiani amepata ushauri wa bwana shamba.

Kuanzia 1975 matokeo yalipimwa kwa mitihani ya taifa. Asilimia ya watu wazima wasiojua kusoma ilikwenda hivi:

- 1967: takriban 67
- 1975: 39
- 1977: 27
- 1981: takriban 21
- 1986: chini kidogo ya 10

Upande wa watoto, Novemba 1974 mkutano wa chama tawala, TANU, uliofanyika Musoma uliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi kufikia 1977, badala ya kungoja 1989 kama ilivyopangwa awali. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakishika chaki. Ndio hao waliokuja kuitwa "walimu wa UPE", yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wakati mwingine kwa heshima, mara nyingi kwa utani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu kila mtoto alikuwa ameandikishwa.

Malipo ya kwanza: nyumbani

Tuanze na faida inayowahi kufika. Mwaka 1973, Radio Tanzania na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, vikundi vya watu vilikusanyika kuzunguka redio moja, vikasikiliza kipindi, kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti na wote wakajadili: malaria inatoka wapi, kichocho kinaingiaje mwilini, kwa nini watoto wanaharisha. Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Kikao kikiisha, kikundi kilitakiwa kufanya jambo: kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Vyoo vipya vilivyochimbwa vilihesabika kwa mamia ya maelfu.

Hakuna aliyepata ajira kwa kuchimba choo cha nyumbani kwake, na mtu akipima Mtu ni Afya kwa mishahara ataandika sifuri. Lakini mtoto asiyeharisha ni fedha isiyokwenda kwa mganga, ni siku za palizi zisizopotea, na ni mwanafunzi anayefika darasani.

Sasa mtazame mama mwenye mtoto mwenye homa. Ametoka zahanati na pakiti ya dawa iliyoandikwa "1 x 3, siku 5". Aliyesoma anajua ni kidonge kimoja kutwa mara tatu, na kwamba dawa haikatishwi siku ya pili kwa sababu homa imeshuka. Anaisoma kadi ya kliniki na kuona kwamba uzito wa mtoto umelala mstari uleule kwa miezi miwili. Jambo kubwa zaidi: akiona muuguzi amekosea, anauliza. Shule humzoesha mtu kukaa mbele ya mgeni mwenye madaraka, akauliza swali, akajibiwa, na dunia isianguke. Uzoefu huo hauandikwi kwenye cheti, lakini hutumika maisha yote.

Ndiyo maana katika nchi nyingi maskini watafiti wamekuta jambo lilelile: watoto wa mama aliyesoma hufa wachache kuliko wa mama asiyesoma, hata pale ambapo kipato cha nyumba mbili hakitofautiani sana. Nchini Tanzania, karibu mtoto 1 kati ya 4 alifariki kabla ya kutimiza miaka 5 wakati wa uhuru. Katikati ya miaka ya 1980, pamoja na njaa ya sukari na sabuni madukani, walikuwa chini ya 1 kati ya 5. Zahanati, chanjo na visima vilifanya kazi kubwa hapo, na haitakuwa haki kuipa shule sifa yote. Lakini chanjo hufika kwa mtoto ambaye mama yake amejua tarehe na ameamini sababu.

Kwa msichana, shule hufanya kazi nyingine: humnunulia muda. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na vifungu vilivyoruhusu hilo vilipingwa mahakamani na mwanaharakati Rebeca Gyumi, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Wakati kesi ikiendelea, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Kwa hiyo sare ya shule ikawa ngao ya kisheria. Ngao hiyo ilikuwa na tundu: msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na ndiye aliyepoteza zaidi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua.

Muda ambao shule humnunulia msichana unaonekana pia katika ukubwa wa familia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake wasiosoma kabisa wanapata wastani wa watoto karibu 7, na waliofika sekondari chini ya 4. Watoto 4 huvikwa, hulishwa na husomeshwa kwa fedha ambayo kwa 7 haitoshi hata daftari.

> Kwa ufupi: Malipo ya kwanza ya elimu hayana mshahara. Yako katika maisha ya mtoto, umri wa kuolewa, idadi ya watoto na ujasiri wa kuuliza. Hufika mapema, na hufika hata nchi ikiwa maskini.

Malipo ya pili: kwa jirani

Mtu mmoja akijua kuhesabu, ni faida yake. Wakijua wengi, mwizi wa mizani anapata taabu. Wakulima wa pamba na kahawa walipunjwa miaka mingi na wanunuzi kwa sababu aliyesoma mizani alikuwa mmoja tu, na ndiye mnunuzi. Katika kijiji ambacho watu 20 waliosimama kwenye foleni wanaweza kusoma namba, karani hujichunga bila kuambiwa.

Kikundi cha kuweka na kukopa hufuata kanuni hiyohiyo. Wanachama 30 wanaochanga kila wiki wanahitaji mweka hazina, lakini zaidi wanahitaji wanachama wanaoweza kulifungua daftari na kumkagua. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari linalosomeka kwa mtu mmoja tu ni sawa na kutokuwa na daftari.

Faida ya pili kwa jamii ni kuishi pamoja. Mtafiti mmoja alilinganisha wilaya mbili za mashambani: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Zote zina makabila yaliyochanganyika. Huko Busia, sehemu zenye mchanganyiko mkubwa wa makabila zilichangia shule kidogo zaidi, na madawati yakawa machache: watu hawakupenda kuchangia watoto wa kabila jingine. Huko Meatu tofauti hiyo haikuonekana. Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu waliochanganyika walichangia shule yao sawa na vijiji vya kabila moja.

Maelezo yaliyotolewa ni ya kihistoria. Tangu 1967 shule za msingi za Tanzania zilifundisha kwa Kiswahili, vitabu vikamweleza mtoto kuwa yeye ni Mtanzania kabla ya kitu kingine, na sekondari za bweni zikamtoa kijana wa Bukoba kwenda kulala kitanda cha juu, na mwenzake wa Lindi kitanda cha chini. Waliolala bweni moja kwa miaka minne wakachekana makabila kwa utani, hawakupigana kwa makabila.

Lakini shule hiyohiyo inaweza kutenganisha. Kilimanjaro na Kagera zilipata shule za misheni mapema na zilikuwa na kahawa ya kulipia ada, kwa hiyo watoto wao walijaa sekondari na ofisini kuliko wa mikoa ya kusini au ya wafugaji. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa ili kupunguza pengo hilo. Leo pengo limehamia kwingine: mtoto wa shule binafsi ya Kiingereza na mtoto wa shule ya umma yenye wanafunzi mia darasani wanaishi mtaa mmoja, lakini hawakutani hata kwenye mchezo wa mpira. Elimu ya namna hiyo bado inafundisha, haiunganishi.

> Kwa ufupi: Elimu hulipa jamii pale inapowafikia wengi na kuwakutanisha. Ikiwafikia wachache, huwapa wachache hao fimbo ya kuwachapia wengine.

Mbona basi uchumi ulianguka?

Hapa ndipo penye fumbo. Mwaka 1986 Tanzania ilikuwa na watu wazima 9 katika kila 10 waliofaulu mtihani wa kusoma. Mwaka huohuo nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni kiasi cha kupiga magoti mbele ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka foleni za sukari, mafuta ya taa na khanga, na sabuni iliyofichwa chini ya kaunta. Kama elimu inaleta maendeleo, ilikuwa wapi?

Majibu ni matatu, na kila moja ni sharti la malipo ya mfukoni.

1. Ujuzi unahitaji kitu cha kufanyia kazi. Kati ya 1973 na 1983 nchi ilipigwa kutoka kila upande: bei ya mafuta ilipanda mara mbili, ukame ulikuja, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilifuata 1978–79. Ndani ya nchi, watu walihamishiwa vijijini kwa haraka, na vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa mwaka 1976. Mkulima aliyejifunza kusoma maelekezo ya mbolea hakuipata mbolea. Fundi aliyejua mashine alikaa bila vipuri. Aliyevuna pamba alilipwa bei ndogo iliyopangwa, na kwa kuchelewa.

Linganisha na Indonesia. Bei ileile ya mafuta iliyoinyonya Tanzania iliitajirisha nchi hiyo, kwa kuwa yenyewe ilikuwa ikiuza. Kati ya 1973 na 1979 Indonesia ilitumia sehemu ya fedha hizo kujenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Watoto wa maeneo yaliyopata shule nyingi walisoma muda mrefu zaidi, na walipokua walipata vipato vikubwa zaidi, kwa sababu waliingia katika uchumi uliokuwa ukipanuka.

2. Ngazi ilikuwa na kipandio cha chini tu. Tanzania ilifungua mlango wa shule ya msingi na kuubana wa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto waliokuwa sekondari hawakufika 5 katika kila 100 wa umri huo, kiwango ambacho kilikuwa miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Kenya, ambako wazazi waliruhusiwa kujenga sekondari za Harambee, ilikuwa na mara kadhaa zaidi. Kusoma na kuhesabu kunatosha kumsaidia mtu aishi vizuri. Kuendesha kiwanda, bandari au benki kunahitaji mafundi mchundo, wahasibu na wahandisi, na hao hutoka juu ya ngazi.

3. Muda. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1977 alitimiza miaka 30 mwaka 2000. Ndiyo ile miaka takriban ishirini aliyoitaja Nyerere. Wapimaji wa 1986 walimtafuta katika uchumi akiwa bado kijana wa miaka 16.

Kuna somo la nne ambalo ni chungu. Kisomo kisipotumika hufutika. Wakati wa kampeni kulikuwa na magazeti ya vijijini, kama *Elimu Haina Mwisho* la Mwanza, na maktaba ndogo za vijiji. Fedha zilipokosekana vyote vilififia. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi walianza tena kuchangishwa, na uandikishaji ukashuka. Sensa ya 2002 ilikuta takriban watu 7 tu katika kila 10 wanaojua kusoma na kuandika. Vipimo vya 1986 na 2002 havifanani, lakini mwelekeo unaonekana kuwa wa kushuka.

Kilicholipwa ni ujuzi

Mwaka 1980 wachumi waliwatafuta wafanyakazi wa mishahara wa Nairobi na Dar es Salaam, wakawauliza wamesoma miaka mingapi na wanalipwa kiasi gani. Halafu wakawapa mitihani miwili. Mmoja ulipima akili ya kufumbua mafumbo ya maumbo. Mwingine ulipima kusoma na hesabu.

Kilichoeleza vizuri zaidi nani analipwa nini kilikuwa mtihani wa kusoma na hesabu. Akili ya mafumbo peke yake iliongeza kidogo sana mshahara, na miaka ya kukaa darasani iliongeza chini ya ilivyodhaniwa. Watu wawili wenye cheti kimoja walilipwa tofauti kwa kadiri walivyotofautiana katika walichotoka nacho.

Wachumi huita ujuzi na afya aliyonayo mtu, vinavyomwezesha kuzalisha, *rasilimali watu*. Takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kila mwaka wa ziada shuleni huongeza kipato cha mtu kwa wastani wa karibu asilimia 9. Lakini huo ni wastani wa waliojifunza na waliokaa tu. Ukiwatenganisha, wa kwanza wanawabeba wa pili.

Hili linatuhusu sana leo. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Kenya ilifuata Januari 2003. Mwaka 2016 Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne. Kuingia shuleni si tatizo kubwa tena. Hata hivyo, zoezi la Uwezo, ambalo limepima watoto majumbani kwao katika Kenya, Uganda na Tanzania, limeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawamudu hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ya Tanzania ilijibu kwa kurudisha mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika darasa la kwanza na la pili kuanzia 2015. Toleo la 2023 la sera ya elimu limeongeza mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, ndani ya sekondari.

Jibu la swali letu

Kwa hiyo kijana mwenye digrii aliye juu ya bodaboda anathibitisha nini? Anathibitisha jambo moja kati ya mawili, au yote. Huenda alipewa cheti bila ujuzi, na hapo wa kuulizwa ni shule. Au ana ujuzi na nchi haijamfungulia kiwanda, mtaji, umeme wa uhakika wala soko, na hapo wa kuulizwa ni wanaopanga uchumi. Hathibitishi kwamba kusoma hakuna faida. Akioa, akapeleka mtoto kliniki, akasoma mkataba wa mkopo wa hiyo pikipiki na kuona riba iliyofichwa ukurasa wa tatu, elimu yake inafanya kazi.

Mzazi anayetaka fedha yake izae, badala ya kuuliza tu mtoto amekuwa wa ngapi darasani, aulize haya:

- Darasa la pili likiisha, je, mtoto anasoma ukurasa asiouzoea na kueleza alichosoma?
- Nyumbani kuna kitu cha kusoma baada ya shule kumalizika?
- Je, anaweza kuuliza swali mbele ya mtu mzima bila kutetemeka?
- Kuna kazi ya mikono anayoijua, na anaiheshimu?
- Kamati ya shule inasoma mapato na matumizi hadharani, na wazazi wanayaelewa?

Na mpiga kura anayeahidiwa madarasa mapya aulize swali la ziada: hawa watakaomaliza watafanya kazi gani, na nani ameanza kuitayarisha?

Muhtasari wa sura

1. Kupima elimu kwa ajira peke yake ni urithi wa miaka ya uhuru, wakati wasomi walikuwa wachache na nafasi nyingi.
2. Elimu hulipa nyumbani mapema, hata katika uchumi mbovu.
3. Hulipa jamii ikiwafikia wengi na kuwakutanisha.
4. Hulipa mfukoni kwa masharti: ujuzi wa kweli, ngazi kamili hadi ufundi na chuo, uchumi wenye pa kuutumia ujuzi huo, na muda.
5. Kisomo kisicholishwa kwa vitabu na matumizi hupotea.

Masharti hayo yote huanzia kwenye lile la ujuzi wa kweli, nalo hutimizwa au kuvunjwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao. Sura inayofuata inamhusu mwalimu: anafundishwaje, analipwaje, na kwa nini walimu wawili wenye kitabu kimoja na chumba kimoja huleta matokeo tofauti.